Kelele Upande wa Kushoto

Karavani ya Glenys Pickersgill, nyumba ya kuvutwa na gari, ilikuwa imeshaiacha nafasi yake kwa hatua tatu hivi, ndipo mota ya kuisogeza bila gari ikaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe.

Norman Tordoff akatupa gazeti. Alikuwa jirani yake hapo kwenye kambi ya likizo, nje ya mji wa Filey, Uingereza, amekaa ng'ambo ya nyasi na redio yake ya kriketi. Miaka thelathini na nane alifunga giaboksi za malori, na mashine inayolia vibaya ilimuuma kama jino.

"We mama! Zima hiyo takataka!"

Glenys, mjane mfupi mwenye rimoti ya mota hiyo mkononi, hakuzima. Gari lake lilikuwa linamsubiri kwenye njia ya changarawe. Meli ya kwenda Uholanzi ilikuwa inaondoka bandari ya Hull jioni hiyo, na lango la magari lingefungwa saa kumi na moja.

"Nina haraka, Bwana Tordoff. Nitaenda nayo hivyohivyo."

"Uende nayo wapi? Ikukatikie hapo getini, uizibie njia kambi nzima?" Akamnyang'anya rimoti. "Avril! Lete spana!"

Hema la Norman halikujibu.

"Kaenda kuosha vyombo," alifoka. "Sahani mbili, saa nzima! Mke wangu huyo, ukimtuma maji, kiu inaisha yenyewe."

Glenys akatazama saa. "Nakuomba uniache."

Hakumwacha. Alichukua spana mwenyewe, akalala chali kando ya gurudumu la kushoto. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake, na rola ya chuma inayobana tairi na kulizungusha. Akaiachia rola, akaiwasha ijizungukie bure. Kimya. Basi giaboksi haina kosa. Akaibana tena kwenye tairi, ikapiga mayowe. Akagusisha spana kwenye chuma, ncha ya pili sikioni.

"Nani alikufungia hii? Kinyozi?"

"Marehemu mume wangu. Alifundisha muziki."

"Inaonekana."

Glenys akatazama saa tena.

Bolti mbili zilikuwa zimelegea, kitako cha mota kimeteleza, rola inauma tairi upandeupande. Norman alikuwa anakigonga kitako kirudi mahali pake, sakafu ya karavani ikalia juu ya kichwa chake.

"Nani yuko humo?"

"Dada yangu. Hajisikii vizuri."

"Mwambie atulie! Niko chini huku, ananitikisia nyumba nzima usoni!"

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Juu kulinyamaza papo hapo, kama mtu aliyeacha hata kupumua.

Norman akapima nafasi ya kidole kati ya rola na tairi, akakaza bolti mpaka mishipa ikamtoka. Akabonyeza rimoti. Karavani ikateleza juu ya nyasi kwa mvumo mdogo tu, kama nyuki ndani ya chupa, ikafika nyuma ya gari. Akaifunga kwenye gari mwenyewe, akajaribu taa moja moja, maana mwanamke huyu hakuwa wa kuaminiwa hata kwa balbu.

"Na huyo mgonjwa asisafiri humo ndani. Ni marufuku. Ahamie garini."

"Atahamia tukishatoka getini."

"Sasa unangoja nini? Nenda! Umeshaniharibia mchana wangu."

Glenys akafunga mlango wa gari, akashusha kioo. "Kweli unajua kusikiliza mashine, Bwana Tordoff."

"Miaka thelathini na nane!"

Karavani ikatoka getini bila mtu kugeuka kuitazama.

Glenys alifika Hull dakika kumi na mbili kabla ya lango kufungwa. Mota ile haikulia tena. Anaitumia mpaka leo, karibu na mji wa Zwolle, Uholanzi. Nafasi yake kambini ilipewa familia yenye mbwa watatu. Norman alirudi kwenye redio, akasikiliza mpaka timu yake ikashindwa. Yule dada hakuwa mgonjwa. Bandarini alimpa ofisa pasipoti yake: Avril Tordoff, miaka sitini na mitatu.