Kapokea Mwenyewe

Dereva mpya alirudi mikono mitupu. Wenzake waliokuwa wakifunga mizigo kwenye pikipiki zao pale uani wakaacha kutaniana, kila mmoja akainamia kamba yake.

"Nani kapokea?" msimamizi aliuliza.

"Mwenyewe, mama." Akaweka karatasi ya sahihi mezani, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Msimamizi hakuitazama. Jibu hilo alilijua. Kwa miaka sita, kila dereva mpya alianzishwa na boksi la mtihani: dogo, limezungushiwa utepe wa gundi pande zote, na ndani yake jiwe moja la ukubwa wa ngumi. Alilifunga yeye peke yake, mlango ukiwa umekomewa. Juu yake aliandika jina la marehemu mumewe na anwani ya nyumba yao ya zamani, nyumba aliyoitia kufuli siku ile ile aliyomzika. Ufunguo aliuvaa shingoni, na hata akioga hakuuvua.

Dereva mwaminifu alirudi na boksi lake: "Mama, pale hapana mtu, kufuli lenyewe lina kutu." Huyo aliajiriwa. Mwongo alilitupa mtaroni, akajitilia sahihi. Saba walikwisha kusema "mwenyewe", na wote saba alikuwa amewafukuza kabla jua halijatua, wengine wakilia na kuapa.

Huyu alimwonea huruma. Mtu mzima, mvi zimemwota kidevuni, mkewe ana mimba ya mapacha, na tayari wenzake walishambandika jina la Baba Pacha. Asubuhi aliipiga deki ofisi nzima bila kuombwa.

"Baba Pacha," alisema polepole, "njia ya mwongo ni fupi. Boksi umelitupa wapi?"

"Nilitupe, mama? Mimi na akili zangu? Nimempa mkononi! Alichelewa tu kufungua, alikuwa anapapasa ukuta. Hata pa kutia sahihi nilimshika mkono, kidogo aandike kwenye suruali yangu."

Nje mtu mmoja alicheka.

"Kazi hii nina shida nayo, mama. Wanakuja wawili."

"Najua, baba." Msimamizi akafungua droo, akatoa miwani kuukuu ambayo mkono wake mmoja ulishikizwa kwa uzi mwekundu. Hakuwa na nyingine. Akaivaa, autazame uongo ule wa karatasini kwa macho yake kabla ya kumwonyesha mtu mlango.

Dereva aliikodolea ile miwani, uso ukamchangamka.

"Kumbe ndiyo hiyo, yenye uzi! Mzee kasema mawe manane yanatosha, mama. Sasa anaomba miwani yake."