Joto la Injini

"Zima gari, kaka," alisema mwenye maksai aliyekuja kutukwamua. "Ng'ombe wangu hawasogelei kitu kinachonguruma."

Sikuzima. Stata ilishakufa, gari letu huwaka kwa kusukumwa, na magurudumu yote yalikuwa yamezama kwenye matope ya mbuga. Nikizima injini, hita nayo inazimika.

Hita hiyo niliing'oa kwenye basi bovu. Jana niliifunga kwa waya mbele ya kiti cha abiria, kwa sababu gari halina milango, mvua haikatiki, na mtoto wetu amezaliwa kabla ya wakati. Ilitupasa kumfikisha hospitali ya Mpanda akiwa na joto.

Mke wangu, Minza, alikuwa amemshikilia mbele ya upepo wa hita, chini ya turubai. Kisigino cha mtoto kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Asubuhi kilikuwa cha bluu. Sasa kilianza kuwa chekundu.

"Nyie mnataka kuvutwa au kuota moto?" yule bwana alipaza sauti.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

Minza alifungua vifungo vya gauni, akamtoa mtoto kwenye kitenge, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi wa zahanati alivyomwelekeza.

"Nipe shati lako," aliniambia. "Halafu zima."

Nilivua shati, nikawafunika. Nikageuza ufunguo.

Feni ya hita ilizunguka kidogo, ikasimama. Nilikishika kile kisigino kwa vidole viwili. Mbele yetu, mnyororo wa maksai uligonga bampa.