Kipande cha Moyo wa Mama

Mama alipoingia maabara, mwanawe alikuwa ameshampasua daktari kichwa kwa nondo, na sasa anavunja vioo vya kabati la joto walimokuzia seli za kutibu mioyo.

"Walimpandikiza kaka uchafu huu, akafa."

"Kaka yako tulimchelewesha, baba. Kilichobaki humo kimetoka kwenye damu yangu. Bila hicho moyo wangu huu mgonjwa haufiki mbali."

"Wewe hawatakutia kisu. Siziki wawili."

Akainua nondo. Mama, ambaye alikuwa ameshamwomba Mungu na kukata shauri, alipenyeza mikono katikati ya vigae vya vioo, akatoa kisahani kimoja chenye kifuniko. Ndani ya maji ya rangi ya waridi, kipande chembamba kama ukucha kilikuwa kikidunda chenyewe, taratibu, kama shavu la mtoto anayenyonya.

Nondo ilishuka. Mfupa wa mkono wa kushoto wa Mama ulikatika kwa mlio wa kuni kavu.

Kisahani kilikuwa kwenye mkono wa kulia. Mama alipiga magoti kando ya daktari, aliyekuwa bado anapumua, akamnyooshea kisahani.

"Futa damu machoni, daktari mwanangu, upokee. Huyu mwenye nondo niachie mimi."