Aliyemlea Nukta

Jumanne, tarehe tisa Juni. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na ilikuwa bado haijachoka. Mlango wa ofisi ya afisa wa ustawi ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi usukumwe kwa bega. Walipokwisha kuingia wote, afisa aliurudishia kwa kisigino, ukanasa.

"Hautafunguka kirahisi," alisema. "Basi tumalize kilichotuleta."

Bibi alikaa karibu na dirisha lililopigiliwa misumari. Mbele yake, kwenye benchi moja fupi, walikaa mwanawe, fundi friji, na mkwewe, msusi. Katikati yao alibanwa Nukta, mjukuu wake wa miaka saba, miguu ikining'inia. Nyuma walikaa majirani wawili walioitwa kuwa mashahidi. Ndoa ilikuwa imevunjika tangu Machi. Kilichobaki ni kujua Nukta ataishi wapi kuanzia leo.

Bibi asingeweza kumchukua. Yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ya wazee, kitanda cha sita kutoka mlangoni, na kule mtoto haruhusiwi hata kusinzia. Mkononi mwake yalibaki maombi tu. Jumapili, baada ya ibada, aliwafuata hawa wawili, mmoja mmoja, akawasihi: "Mkifika mbele ya afisa msichafuane, wanangu. Semaneni mema." Akaenda kupiga magoti.

Afisa alifungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa.

"Utaratibu wangu ni mmoja. Mtoto huenda na aliyemlea. Semeni mnayoyakumbuka, nami naandika. Upande utakaojaa ndiko atakakokwenda. Baba, anza."

Fundi alikohoa. Bibi alifumba macho, akijiandaa kusikia matusi.

"Alipokuwa anaota meno hakukubali kuwekwa chini," alisema fundi. "Mama yake alimbeba mgongoni siku tatu. Anasuka watu amembeba. Mteja akilalamika, anamwambia, 'Uliyechoka kusubiri, kanyoe.'"

Shahidi mmoja aliangua kicheko. Bibi akafumbua macho.

Msusi alimtazama yule aliyekuwa mumewe kwa mshangao, kisha akasogea mbele kidogo, kama mtu aliyeona anapitwa.

"Mimi ni msusi, lakini kichwa cha huyu mtoto kilisukwa na baba yake. Narudi vidole vimekufa ganzi, nakuta ameshampakata na kitana mkononi. Mistari imepinda kama barabara iliyofukuliwa mabomba! Na Nukta hataki ifumuliwe. Alikwenda nayo shule wiki nzima."

"Aa, mama Nukta, hilo dogo," fundi alidakia. "Hatua zake za kwanza alikwenda kwa nani? Mimi nimepiga magoti huku, wewe uko kule. Si alinipita kama mlingoti?"

"Alikupita kwa sababu nilishika kijiko cha asali! Na neno lake la kwanza je? 'Baba.' Aliliambia friji, lakini alikuwa anakutafuta wewe."

Hapo hata afisa alitabasamu, kalamu ikiruka kutoka upande huu wa mstari kwenda upande ule. Bibi alihisi ule ukuta uliomwegemea kifuani tangu Machi ukisogea. Umenisikia, Bwana, alisema kimoyomoyo. Aliwaona tayari wakitoka watatu chini ya mwavuli mmoja.

"Leo mnavishana vilemba vya ukoka," alitania shahidi wa pili. "Si mrudiane tu, sisi tukaendelee na kazi zetu?"

Kwenye benchi hakuna aliyecheka.

Nukta alimgeukia kila aliyesema, kisha akamgeukia mwingine, na kila kumbukumbu ilipotajwa alizidi kujikunyata. Bibi alidhani ni baridi. Alivua shali yake akamfunika.

"Nani aliyemfundisha kusoma?" fundi aliuliza.

"Ni wewe. Usikatae mbele ya watu!"

"Nakataa! Ni wewe."

"Mimi?" Msusi alipiga benchi kwa kiganja. "Mimi niliyetoka hajaamka nikarudi amelala? Mtaa mzima unajua."

"Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye mafriji ya watu. Andika, afisa. Andika kwamba mimi sikuwapo."

"Andika na mimi! Andika upande wangu hakuna kitu!"

Kalamu ya afisa ikasimama. Mvua ilisikika juu ya bati. Amina ambayo Bibi aliiweka tayari ulimini ikamkauka.

"Ngojeni," alisema afisa polepole. "Baba, unamtaka huyu mtoto?"

Fundi aliutazama mlango. "Aliyemlea ni mama yake."

"Mama?"

"Aliyemlea ni baba yake."

Mashahidi waliinamisha vichwa. Nukta alijichomoa katikati ya wazazi wake, akateremka, akaenda kusimama mbele ya meza, kidevu kikigusa ukingo.

"Msigombane," alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nitajilea mwenyewe. Naahidi."