Jibu Kutoka Bondeni

Jibu lilikuja Filimbi akiwa ameshakata tamaa, ameinama kufunga kamba za viatu. Lilipanda kutoka bondeni, jembamba na safi: milio miwili ya kushuka, kisha mmoja wa kupanda. Vijana wote wakaganda. Hata aliyekuwa akitafuna mkate aliuacha shavuni.

"Rudia," Daktari alinong'ona.

Filimbi akakutanisha viganja mdomoni, akapuliza tena wito wa dume. Bonde likajibu. Daktari akakaa chini kwenye majani mabichi, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakaanza kumtikisika. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona mama yule akilia. Wengi waliamini hana machozi.

Kurumbiza wa koo jeupe alikuwa hajasikika tangu enzi Daktari mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Ndege hao huimba wawili wawili: dume huanza, jike humalizia. Ndiyo maana Daktari hakuwafundisha vijana wake kutazama kwanza. Aliwafundisha kusikiliza, kisha kupiga mluzi. Rekodi iliyobaki ya sauti yao ilikuwa imejaa mikwaruzo, na ndege si mjinga. Basi walipiga mluzi darasani, koridoni, hata kwenye foleni ya chakula, mpaka wahadhiri wengine wakalibandika darasa lake jina: kiota cha wendawazimu.

Aliyewapita wote ni Filimbi, mtoto wa mdogo wake. Nyumbani alimwita Mama Mkubwa. Msituni alimwita Daktari kama wenzake. Mama yake alitaka asomee famasia.

"Dada, ndege atamlisha nini mwanangu?" aliuliza siku kijana alipohama kozi.

"Mwache. Huyu ana sikio ambalo mimi sikujaliwa."

Tangu siku hiyo, salamu za ndugu wale wawili zilipitia kwa kijana.

Jioni ile Daktari alipanda kwenye mwamba wenye mtandao, akampigia mkuu wa idara.

"Yupo! Ni jike. Tukiita tu, anajibu."

Mkuu alimjibu: "Sauti si ushahidi, Daktari. Kampuni ya mbao ina kibali cha kukata msitu huo mkononi, na mimi nimeshawazungusha vya kutosha. Niletee picha kabla mvua hazijaanza. Bila picha, misumeno inaingia."

Wakawa wanaita kila alfajiri, na kila alfajiri wanajibiwa. Jumapili tu ndipo bonde liliponyamaza.

"Huyu mcha Mungu," kijana mmoja akatania. "Siku ya ibada hafanyi kazi."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Daktari naye alicheka. Kwa furaha aliyokuwa nayo, angecheka hata akitukanwa.

Filimbi peke yake ndiye aliyeanza kunyong'onyea. Asubuhi moja alishusha viganja kabla ya wakati, akabaki akilitazama bonde lililofunikwa na ukungu.

"Tunamdanganya, Mama Mkubwa," alisema, akisahau kwamba wako kazini. "Anadhani ana mume."

"Tunamdanganya ili aishi."

"Na siku tukiondoka?"

Daktari alijifanya anafuta lenzi. Swali lile lilikuwa limemkosesha usingizi yeye pia.

Mawingu yakaanza kujikusanya, na picha bado. Bonde lilikuwa chini ya mamlaka nyingine, na maombi yao ya ruhusa ya kuteremka huko yalikuwa yamelala mezani kwa mtu. Daktari aliona akizidi kungoja, atakuja kupiga picha za visiki. Akawaacha vijana kambini, akampandisha Filimbi kwenye mwamba.

"Wewe ita tu. Usipumzike, asije akaondoka."

Akateremka peke yake, kamera kifuani.

Mteremko haukuwa na huruma. Aliteleza, akachubuka kiwiko, akatambaa chini ya miiba iliyomvua kofia. Hakurudi kuiokota. Kila Filimbi alipoita kule juu, jibu lilimjia Daktari karibu zaidi, tamu zaidi, mpaka akawa anasikia hata pumzi kati ya mlio na mlio. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa nyuma ya tawi moja lenye majani.

Akainua kamera. Akalisogeza tawi kwa ncha ya kidole.

Nyuma ya tawi palikuwa na msichana, umri wa wanafunzi wake, amepiga magoti kwenye matope, amevaa fulana ya chuo kingine. Wenzake walikuwa wamelala kifudifudi kando yake, kamera zao zote zimeelekezwa kilimani.

Wito ukashuka tena kutoka juu. Uso wa msichana ukachanua. Akakutanisha viganja mdomoni, akapuliza: milio miwili ya kushuka, mmoja wa kupanda. Kisha akageuka, akamwona Daktari, akaweka kidole mdomoni upesi.

"Taratibu, mama, utamfukuza," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Kuna dume kule juu, yuko peke yake. Tunamjibu ili asikate tamaa."