Mlio wa Shufaa

Pimbi wawili, Machepele na dada yake Shufaa, walianza mwaka mpya wa shule bila mama. Tai alimchukua wakati wa likizo, Mungu amrehemu.

Siku ya kufungua shule, kila mwanafunzi hupanda jiwe na kupiga mlio wa hatari. Asiyeweza hurudishwa nyumbani.

“Leo utatuaibisha, dada,” Machepele alisema. “Huna hata sauti ya kufukuza nzi!”

Shufaa alikuwa akitazama angani.

Machepele akapanda, akafumba macho, akalia kwa madaha. Wenzake wakashangilia.

“Rudia, mwanangu,” akasema Mwalimu Kobe. Machepele akafumba macho tena.

Mara Shufaa akapiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kinywani mwake. Mwalimu akaficha kichwa, wanafunzi wakakimbilia pangoni. Shufaa akamvuta kaka yake sikio, wakatumbukia ndani pamoja. Kucha za tai zikakwaruza jiwe tupu.

Machepele akachungulia nje.

“Dada... nilikuwa juu kuliko nyote. Mbona sikumwona?”

“Ulikuwa umefumba macho, kaka,” Shufaa akasema polepole. “Mimi tangu mama aondoke sijathubutu kuyafumba.”