Mpinzani wa Kamina

“Minyi nakatala,” alisema Mama Phébé.

Stanislas alitikisa kichwa. “Nguvu kidogo, mama. Weye njo mupinzani. Mupinzani hasemake kama muntu iko naomba Mungu.”

Mama Phébé akarudia kwamba yeye anakataa. Alikuwa mjane, mwalimu na mwimbaji wa kwaya ya Wametodisti, na maishani mwake hakuwahi kumpinga mtu isipokuwa wanafunzi waliosema mbili na mbili ni tano. Ndiyo maana Stanislas, mkuu wa chama tawala hapa Kamina, alimchagua.

Kiongozi wa nchi, ambaye redio ilimwita Baba wa Nyumba, alitaka katiba ibadilishwe ili utawala wake usiwe na mwisho. Miji iliulizwa mmoja mmoja, na yote ilikubali bila hata mtu kukohoa. Mabalozi wa nje wakaanza kucheka. Basi Kinshasa ikaagiza kwamba mjumbe wao atakapofika Kamina, aikute sauti ya kukataa. Moja. Isizidi.

“Nitauliza nani anakatala,” Stanislas alieleza. “Bantu yote batatulia. Weye peke yako utainua mukono, utasema sababu yako, tutacheka kidogo, itaisha. Na Carine wako, serikali itaanza kumulipa.”

Carine, binti yake, alikuwa akifundisha miaka yote hiyo kwa mshahara wa ahadi.

“Na sababu yangu njo gani?”

Stanislas alikuwa amewaza juu ya hilo wiki nzima, na ilionekana. “Sema hivi: nakatala juu maendeleo iko nakuya mbio sana, inaniletea kizunguzungu.”

Nje, pikipiki ilikuwa imezama kwenye shimo la barabara, na mwenyewe anaitukana pamoja na ukoo wake wote.

Mama Phébé alicheka kwa adabu. Alipobaki peke yake hakucheka tena. Katika hotuba yake redioni, Baba wa Nyumba alikuwa amewagawa watu wake mafungu mawili: watoto wa nyumba, na watu wa baraza, yaani wale ambao mababu zao walitoka kwingine, kwa hiyo wakae nje, barazani. Lazare, mdogo wake Mama Phébé, mkulima, alikuwa ameoa mwanamke wa baraza. Tangu hotuba ile, majirani waliacha kununua mahindi yake. Naye aliacha kuja kula kwa dada yake baada ya ibada, asije akamletea balaa.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Wakulima walikuja na nguo za Jumapili, walimu walikuja na hofu. Mjumbe alikaa mbele akipiga miayo. Alikuwa amepita miji mingi mno, hata akawasalimu kwa furaha kubwa kwa jina la mji mwingine: “Bantu ya Kabongo, mbote!” Stanislas akapiga makofi. Nani angethubutu kumsahihisha?

Kisha akashika kipaza sauti. “Nani anakatala?”

Mama Phébé akainua mkono.

“Ee!” Stanislas alishtuka, vibaya kama mwigizaji wa shule ya msingi. “Mama Phébé! Juu ya nini?”

Alifungua kinywa aseme kizunguzungu. Lakini macho yake yalimwangukia Lazare, nyuma kabisa, amesimama mlangoni na mkewe, ingawa viti vilikuwapo.

“Nakatala,” alisema, “juu ndugu yangu anakulaka yeye peke yake.”

Hakuna aliyecheka. Mwenye kikohozi alikimeza.

Lazare akamgeukia Stanislas. “Samahani, Président. Leo banaruhusu kukatala?”

Stanislas alimtazama mjumbe. Mjumbe alimtazama Stanislas. “Bien sûr, banaruhusu!” Stanislas akapaza sauti. “Tuko mu démocratie!”

Lazare akainua mkono. Mkewe akainua wake. Ukafuata mstari wa walimu, halafu kwaya, halafu wakulima wote kwa mpigo, kama mahindi yanavyosimama baada ya mvua. Hata Lise, mke wa Stanislas, aliyeketi mbele kabisa, aliuinua wake bila kumtazama mumewe. Alibaki Stanislas tu, amekumbatia kipaza sauti kwa mikono miwili tumboni.

Mjumbe alipanda juu ya kiti. Akaupiga ukumbi picha kwa simu yake, upande huu na upande ule.

“Formidable! Muzuri sana,” alisema, akaenda zake kwenye gari.

Kesho yake mchana, Lazare na mkewe walikuja kula. Kwa mara ya kwanza tangu hotuba ile, ndugu wawili walinawa mikono katika beseni moja. Lakini bukari, ugali wao, ilipoa na samaki aliyetoka Mulongo hakuguswa. Kando ya mlango palikuwa na mfuko mdogo ambao Mama Phébé aliutayarisha alfajiri: blanketi, sabuni na kitabu cha nyimbo.

Jeep ya polisi ikaingia barabara yao. Mama Phébé akasimama, akauchukua mfuko.

“Yaya, kaa,” Lazare alimsihi dada yake. “Niko naenda minyi.”

“Weye iko na batoto,” alijibu, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye komeo.

Jeep ikapunguza mwendo mbele ya nyumba. Ikakwepa shimo. Ikapita.

Walikuwa bado wanatazamana pale Carine alipoingia mbio na simu mkononi. “Mama, kuya uone! Banatuonyesha ku télé!”

Ilikuwa picha ya ukumbi wao, mikono yote juu, na sauti ya mtangazaji ikiimba kwa furaha: “Wananchi wa Kamina wamemuunga mkono Baba wa Nyumba kwa kauli moja! Mpinzani alikuwa mmoja tu, yule mnayemwona hapo mbele na kipaza sauti, aliyekataa katakata kuinua mkono wake. Polisi wameshafika nyumbani kwake.”